Cheche Isiyoandikwa

Siku baridi ilipounguza viazi vya bonde zima la Ilindiwe, niliingia Darasa la Sita nikiwa na furaha, na sioni haya kulisema. Wazazi wa watoto wangu walikuwa wamepoteza mavuno, mimi nilikuwa nimepata somo. Ndivyo tulivyo walimu. Hata nyumba ikiungua tunatafuta namna ya kuiingiza kwenye andalio la somo.

Niliandika ubaoni swali moja tu: kwa nini baridi imeunguza viazi vya bondeni ikaacha vya mlimani? Kisha nikaangalia saa ya ukutani, nikaona nimebakiwa na dakika nne za kusema. Mwalimu alikuwa na haki ya dakika saba katika kipindi cha dakika themanini. Akizidisha, Mratibu, mtambo uliosimamia madarasa yote, alimwashia taa nyekundu juu ya mlango, na wazo lolote la mtoto lililofuata sauti ya mwalimu halikuhesabiwa. Kwa hiyo nilifunga mdomo, nikaanza kuzungukia meza.

Meza zilikuwa nane, watoto wanne wanne, kila mmoja amevaa utepe wa mpira kwenye paji la uso. Katikati ya utepe palikuwa na kitaa kidogo kama punje ya hindi. Utepe ulisikiliza damu inavyokwenda nyuma ya paji. Wazo likizaliwa mle ndani, si la kukariri wala la kunong'onezwa, kitaa kiliwaka buluu. Mtoto akilitamka kwa mdomo wake mwenyewe ndani ya sekunde kumi, Mratibu aliandika cheche moja kwenye jina lake. Akichelewa, au akinyamaza, kitaa kilizimika na haikuandikwa popote kwamba kiliwahi kuwaka.

Niliupenda utepe ule kwa moyo wote. Mimi nilisoma zamani, darasa la watoto mia na kumi, mwalimu akisema "moja na moja" sisi tunaitikia kama kwaya, na asiyeitikia anachapwa. Nilipoletewa chombo kinachomlazimisha mwalimu anyamaze ili mtoto afikiri, niliona dunia imetengenezwa upya. Nilikwenda kukisifia kwenye semina za wilaya. Niliwacheka wenzangu waliokiogopa.

Kwenye meza ya dirishani Lugano Mlowe alikuwa ameukodolea macho ubao kana kwamba umemtukana. Lugano alikuwa mcheshi wa darasa, mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye moyo mweupe na kichwa kizito kuanza. Alisema mlimani kuna jua zaidi. Kitaa chake hakikuwaka. Akasema labda udongo ni tofauti. Bado hakikuwaka.

Kando yake alikaa Ezelina Sanga. Kitaa chake yeye kilikuwa kimewaka zamani, kabla sijaiweka chaki chini. Niliona. Kiliwaka, kikahesabu sekunde zake kumi, kikazimika, naye hakusema neno. Badala yake alimgeukia Lugano.

"Asubuhi ukitoka kitandani," alimuuliza, "baridi unaanza kuisikia wapi? Kichwani au miguuni?"

Lugano alicheka, akasema miguuni, kila mtu anajua. Halafu akaacha kucheka. Paji lake likawa buluu.

"Baridi ni nzito," alisema. "Inateremka. Imeshuka mlima mzima ikajikusanya kwetu, juu ya viazi."

Darasa lilimpigia makofi, na Mratibu akamwandikia cheche. Ezelina alipiga makofi kuliko wote. Mimi niliandika kwenye daftari langu kwamba wiki ijayo nimhamishie Ezelina meza ya mlangoni, maana kule walikuwa wamelala.

Hiyo ndiyo siri yangu, na bora niitoe mapema. Kwa miaka miwili nilikuwa namhamisha Ezelina meza hadi meza. Popote alipokaa vitaa viliwaka. Hakuwa anatoa majibu, la, utepe ungegundua mara moja. Alijua tu swali gani dogo mwenzake anakosa, akampa. Mimi nilisomea ualimu miaka mitatu na sikuwahi kulijua hilo kama yeye alivyolijua. Kwa ajili ya cheche zile nilipewa cheti cha Mwalimu Bora wa Wilaya, kikatundikwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Ezelina hakutundikwa popote.

*

Katikati ya muhula Mratibu alitoa orodha. Nilijua jina la Ezelina litakuwa chini, kwani kila muhula aliponea chupuchupu, lakini sikujua litakuwa chini kiasi gani. Ezelina Sanga, cheche tatu. Juu yake Lugano Mlowe, kumi na moja, na zote kumi na moja nilikuwapo zikizaliwa. Kila moja ilitanguliwa na swali la Ezelina. Waliobaki walikuwa mbali sana juu.

Kila mwisho wa muhula, wa mwisho katika kila darasa aliachia kiti. Tangu tambarare ikauke, familia zilikuwa zinapanda huku kwetu milimani kila mwezi, na viti havikutosha. Aliyeachia kiti alipelekwa Shule ya Maelekezo. Tulizoea kusema kwamba si adhabu. Kule mtoto anavishwa kisikilizio sikioni, anaelekezwa kazi hatua kwa hatua, na hakosei kamwe.

Wiki ileile ya orodha tuliletewa madawati mapya, na mmoja wa wapakuaji alikuwa Ahimidiwe, mwanafunzi wangu wa miaka minne nyuma. Nilimtambua kwa kovu la shavuni. Alishusha madawati thelathini bila kugonga hata moja. Nilimkaribisha ofisini, nikammiminia chai, nikamwekea na viazi vya kuchemsha. Alisema shikamoo mwalimu, akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akakishika.

Nilimuuliza habari za mama yake. Alitabasamu. Niliongea, nikaongea tena, nikijifanya sioni. Chai ilikuwa inapoa mikononi mwake na hakuipeleka mdomoni, wala hakuiweka mezani. Mwishowe nilielewa. Ilikuwa saa ya mapumziko, na sikioni mwake hapakuwa na mtu.

"Kunywa, mwanangu," nilimwambia.

Akanywa yote kwa mkupuo mmoja. Kisha akabaki amekishika kikombe kitupu, ananitazama kwa heshima, mpaka honi ya gari ilipolia na sauti ikamrudia.

Nilikwenda chooni nikalia. Nililia kwa ajili ya Ahimidiwe, lakini mbele ya macho yangu alikuwa Ezelina ameshika kikombe.

*

Siku ya pili yake niliomba ruhusa nikaenda wilayani kumwona Afisa Kihwele, mdhibiti ubora wa shule zetu. Tulikuwa chuo kimoja cha ualimu, ananijua nilivyo. Nilimweleza kila kitu, hata habari ya kumhamisha mtoto meza hadi meza. Nilimwambia Mratibu ana upofu: anamwona anayejibu, hamwoni anayemwezesha mwenzake kujibu. Nilimwambia mtoto bora niliyewahi kumfundisha ana cheche tatu.

Kihwele si mtu mbaya. Ningependa awe mtu mbaya, ingenirahisishia kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Naweza kuliandika hili leo hii, Mwalimu Mgaya," alisema. "Lakini nikiliandika, Mratibu atarudia hesabu ya miaka miwili. Kila cheche iliyotanguliwa na swali la huyo binti itaitwa ya kuchochewa, itafutwa. Umemkalisha meza ngapi?"

Nikamjibu: zote.

Alifungua mashine yake, akajaribu hesabu bila kuituma. Sikuona kioo, niliona uso wake. Alisema watoto tisa wangebaki bila kitu, na asiye na kitu haondoki kwa zamu, anaondoka palepale. Ezelina naye asingepata chochote, kwa sababu hakuna safu ya maswali kwenye orodha. Kisha akanigeuzia kioo nisome majina. Niliyasoma yote tisa. La Lugano lilikuwa la kwanza.

Nilimwomba afute. Alifuta, akanisindikiza hadi nje.

*

Sasa nilikuwa na njia mbili. Nikikaa kimya, Ezelina anaondoka. Au nimfundishe kubakiza wazo lake, alitamke mwenyewe, asimpe mtu, na hapo anaondoka Lugano. Watu huniambia nilikuwa na njia ya tatu, ya kukataa vyote na kuacha kazi. Niliifikiria hiyo pia. Ningeacha kazi, wangeleta mwalimu mwingine, na mmoja wao angeondoka vilevile, ila mimi ningekuwa nyumbani nimejisafisha. Niliona ni uoga wenye nguo nzuri.

Nilimchagua Ezelina. Sitaki kulipamba. Nilijiambia nachagua kichwa kilicho bora, na huenda ilikuwa kweli, lakini pia nilikuwa na deni kwake la miaka miwili, na nililipa kwa mtoto wa mwenzangu.

Nilimwita jikoni mwa shule baada ya masomo, wapishi wameshaondoka. Nilihakikisha ameacha utepe wake darasani. Nilimweleza mambo yalivyo kama ninavyoyaeleza hapa, kwa sababu alikuwa mtoto wa kuelezwa. Alisikiliza huku akikwaruza masizi kwenye mlango wa jiko kwa ukucha.

"Kitaa chako kikiwaka, sema," nilimwambia. "Nyoosha mkono, sema jibu. Usimgeukie mtu."

"Na Lugano?"

"Lugano ana kichwa chake."

Aliacha kukwaruza. "Mwalimu, nisipomuuliza, nani atakuwa wa mwisho?"

Nilimwambia sijui. Alinitazama moja kwa moja, akajua kwamba najua, na nadhani hapo ndipo nilipomfundisha jambo la kwanza.

Tulifanya mazoezi siku tisa. Haikuwa rahisi. Wazo likimjia, shingo yake yenyewe iligeuka kumtafuta jirani, nami ilibidi nimshike kidevu nimrudishe mbele. Siku ya nne alilia, akasema anasikia kama anaiba. Nilijikaza kisabuni, nikamwambia wazo ni lake, mtu haibi kilicho chake. Siku ya saba hakulia. Siku ya tisa nilimuuliza maswali kumi, akanijibu yote kumi ndani ya sekunde tatu, macho yake mbele, shingo imenyooka. Nikamsifu. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa: mtoto akifanya vizuri, msifu hapohapo.

Darasani alianza kupanda. Cheche tano, nane, kumi na moja. Lugano alipata moja tu katika wiki zile, akawa na kumi na mbili. Kila swali jipya alikuwa akimgeukia Ezelina, aliyekuwa amerudi meza ya dirishani, na kumngoja kidogo, halafu anageukia daftari lake.

*

Kipindi cha mwisho cha muhula kiliitwa Somo la Kupima. Mratibu mwenyewe ndiye aliyetoa swali, mwalimu haruhusiwi kufungua mdomo kabisa. Asubuhi ile Ezelina na Lugano walikuwa wamefungana, kumi na mbili kwa kumi na mbili.

Ukungu ulikuwa umeingia hadi barazani, tukafunga madirisha. Swali lilitokea ubaoni: kwa nini maharage yanachelewa kuiva huku milimani kuliko kule tambarare?

Niliposoma, niliona ni swali la Lugano hasa. Mama yake ndiye aliyekuwa mpishi wa shule. Mtoto yule alikua kando ya sufuria la maharage. Alihitaji kusukumwa kidogo tu. Alisema kuni zetu ni mbichi. Alisema baridi inaingia sufuriani. Alikuwa anazunguka mlemle, yuko hatua moja tu, na mimi nimesimama nyuma yake nimeuma ulimi. Swali lake nililijua: je, maji yanayochemka yana moto uleule kila mahali? Angeulizwa hivyo tu, kitaa kingewaka.

Lugano alimgeukia Ezelina. Alimtazama kwa tumaini la mtu anayesubiri afunguliwe mlango wa nyumbani kwao.

Kitaa cha Ezelina kiliwaka. Niliona midomo yake ikifunguka na shingo ikianza kugeuka. Kisha ikasimama. Alinyoosha mkono.

"Huku juu maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha," alisema. "Yanaonekana yamechemka, lakini moto wake ni mdogo. Ndiyo maana maharage yanakaa sana."

Cheche ya kumi na tatu. Makofi yalipigwa, na Lugano naye alipiga, kwa sababu jibu lilikuwa zuri na yeye alipenda majibu mazuri.

*

Walikuja kumchukua Lugano Jumatatu asubuhi, gari likasimama barabarani kwa kuwa njia ya shule ilikuwa tope. Mama Lugano alimleta ofisini amemwogesha na kumpaka mafuta. Alinishukuru. Alisema, "Ulijitahidi naye, mwalimu, Mungu anaona," na mimi nikaitikia kama mtu anayestahili.

Lugano alivua utepe wake, akaukunja, akauweka kikapuni. Halafu akasogea karibu ili mama yake asisikie.

"Mwalimu, nilimkosea nini Ezelina?"

Nilimwambia hakumkosea kitu.

"Aliacha kuniuliza," alisema. "Nilidhani amenikasirikia. Nilitaka nimwombe msamaha kabla ya kuondoka, ila sikujua niombe wa nini."

Ningeweza kumwambia. Mtoto alikuwa na haki ya kujua kwamba rafiki yake hakumchukia, kwamba ni mimi niliyemziba mdomo, jikoni mwa mama yake, siku tisa. Nilitazama nje nikaona dereva anatazama saa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitamfikishia Ezelina salamu. Akasema asante mwalimu. Alitembea kwenye tope akimshika mama yake mkono, na alipofika garini mtu mmoja alimwinamia, akamrekebishia kitu sikioni.

Salamu sikuzifikisha. Nilimwona Ezelina dirishani mwa darasa, amesimama wima, analitazama gari mpaka likaishia kwenye ukungu. Hakuuliza lolote.

*

Muhula uliofuata Ezelina alikuwa wa kwanza. Hakukaribiwa na mtu. Kitaa kiliwaka, mkono ukapanda, jibu likatoka safi. Afisa Kihwele alikuja kukagua, akamsifu mbele ya wenzake, kisha akaniangalia mimi kwa namna ambayo sikuipenda. Meza nyingine zilikuwa zimekufa ganzi. Watoto waliona anavyofanya, wakajifunza. Kila mmoja alilinda wazo lake kwa mkono kama sahani ya chakula. Darasa langu, lililokuwa na kelele kuliko soko la Jumamosi, likawa kimya, na Mratibu aliandika kimya kile kama utulivu mzuri.

Kwenye kiti cha Lugano aliletwa mtoto kutoka tambarare, Tulizo, mwembamba, miguu imepasuka kwa kutozoea baridi. Hakuwa mjinga. Nilimwona anavyolitazama swali, anavyolizungukia, anakosa pa kushika tu. Wiki ya sita alikuwa na cheche moja.

Nilivumilia mpaka nikashindwa. Siku hiyo watoto walipotoka kwa mapumziko, tepe zimevuliwa mezani, nilimzuia Ezelina. Nilimwomba amsaidie Tulizo. Sikumwomba majibu, nilimwomba maswali yake yale madogo, mara moja moja, asidhurike. Nilimwambia sasa ana cheche arobaini, hana cha kupoteza. Nilijisikia nikimbembeleza mtoto wa miaka kumi na mitatu kama mtu anayeomba arudishiwe kitu alichokitupa mwenyewe.

Ezelina alinisikiliza kwa adabu. Hakuwa na hasira, hilo ningeliweza. Alimtazama Tulizo kupitia dirisha, amekaa peke yake kwenye ngazi akipuliza vidole, kisha akapunguza sauti, kama mwalimu anayemshauri mwalimu mwenzake.

"Mwalimu, huyo ndiye wa mwisho wa muhula huu. Mwache. Tukimsaidia yeye, itabidi tuanze kumtafuta mwingine."

Kengele ililia. Watoto waliingia, wakavaa tepe zao, na mimi nikampita Tulizo nikaenda kusimama kwenye meza nyingine.